Mwana Mtu Mzima Aliyeumia Ubongo, na Yaliyo Juu ya Baba Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ameniuliza mzee mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu ya baada ya Alasiri, nami nimeona niandike jawabu badala ya kuisema, kwani nyumba zenye msiba kama wake ni nyingi katika pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga. Asema kuwa mwanawe ana umri wa miaka 27, ana mke na mtoto mmoja. Mwaka jana alianguka na bodaboda, na kichwani hakuwa na helmeti, akakaa hospitali muda mrefu hajitambui. Sasa yuko nyumbani. Hufumbua macho, hula akilishwa, siku moja humjua babake na siku ya pili hamjui. Humtukana mamake na mkewe kwa matusi ambayo zamani hayakuwa kinywani mwake. Basi mzee auliza: Je, kijana huyu ana swala? Mali yake i mkononi mwa nani? Na je, yeye baba ana jambo gani tena lililo juu yake, na hali mwana amekwisha baleghe, akaoa, na malezi yakaisha?

Nitaanza na suala hili la mwisho, maana ndilo mlango wa mengine.

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa malezi huisha kwa baleghe na rushdi, lakini kulazimika kwa baba hakuishi kwa umri, bali huisha kwa mwana kuweza. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza wazi kuwa mwana mtu mzima, akiwa hana mali, naye hawezi kuchuma kwa maradhi ya kudumu au kwa kuondokewa na akili, nafaqa yake humrudia babake kama alivyokuwa mdogo. Na nafaqa si chakula na mavazi tu: ni makazi, na ujira wa tabibu, na thamani ya dawa, na mtu wa kumtumikia akiwa hawezi kujitumikia. Akiwa hana baba, hukumu ni ya babu, kisha mama. Akiwa na mali yake mwenyewe, basi hutolewa katika mali yake. Wala baba haambiwi kuwa afanya hisani kwa haya, kama asemavyo mtu akimpa jirani yake bakuli la wali. Ni deni la damu, na kadhi aweza kumlazimisha.

Sasa ni lazima tujue kijana amepatwa na nini, kwani mtu hawezi kuuguza asilolijua.

Ubongo ni kitu laini sana, umefungiwa ndani ya fuvu gumu. Mwili ukianguka kwa kishindo, fuvu husimama ghafula, na ubongo huendelea na mwendo wake hata ukagonga mfupa, na nyuzi nyembamba zilizo ndani yake zikanyoshwa na kukatika. Kisha huvimba kama kiungo chochote kilichoumia. Lakini mguu ukivimba una nafasi, na ubongo hauna, basi hujibana wenyewe na damu ikakosa njia. Ndiyo maana waweza kuona mtu hana jeraha kubwa kwa nje, na ndani ameharibika. Madaktari wana kipimo kilichowekwa mwaka 1974 katika mji wa Glasgow huko Uskoti, hutazama macho, na maneno, na viungo. Cha chini kabisa ni 3 na cha juu ni 15, na aliyepata 8 au chini yake huhesabiwa kuwa jeraha lake ni zito. Katika hao wako wanaofariki, na wako wanaorejea wakatembea na kusema, na wako wanaobaki kati na kati. Kupona huenda kwa kasi zaidi katika miezi sita ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo, lakini hakusimami pale. Mtu aweza kupata neno jipya au hatua mpya baada ya mwaka wa pili. Basi asije mtu akamwambia mzazi mwezi wa nne kuwa mambo yamekwisha, wala asimwahidi kuwa atarudi kama alivyokuwa.

Na katika ubongo kila sehemu ina kazi yake. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo iliyo na kujizuia, na haya, na kupanga mambo. Katika mwaka 1848, huko Vermont katika nchi ya Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo wa chuma uliorushwa na baruti, ukaingia chini ya shavu lake la kushoto ukatokea utosini. Hakufa. Aliishi hata mwaka 1860. Lakini tabibu wake aliandika kuwa mtu yule aliyekuwa mtulivu na mwenye adabu aligeuka akawa mwenye matusi na pupa, hata rafiki zake hawakumtambua. Tangu hapo elimu hii imezidi kuthibitika. Kwa hiyo, mama wa kijana huyu na ajue kuwa matusi yale yametoka katika jeraha, kama damu itokavyo katika kidonda. Uasi kwa wazazi ni dhambi kubwa, lakini dhambi haimwandami mtu ila kwa akili, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hata aamke, na mtoto hata abaleghe, na mwenye wazimu hata apate akili.

Hapa huja watu wakasema: amepagawa, ni jini. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, kwani wametajwa katika Qur'ani. Lakini mtu aliyeanguka mbele ya macho ya watu, akatoka damu masikioni, sababu ya maradhi yake yajulikana, na kuitafutia sababu nyingine ni kuacha yakini na kufuata dhana. Kusomewa Qur'ani ni jambo jema, wala halizuii dawa, na dawa haizuii dua. Ama kumfunga kamba, na kumpiga ati jini litoke, na kumchoma, na kumfukizia moshi mgonjwa ambaye kifua chake ni dhaifu, hayo ni haramu, na baba anayeyaruhusu atayajibu mbele ya Mola wake. Vivyo hivyo kifafa: huweza kumjia aliyeumia kichwa baada ya miezi, hata miaka, kwa sababu ya kovu lililobaki ndani. Kikimjia, alazwe kwa ubavu, aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, wala asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Kikipita dakika tano, apelekwe hospitali. Na dawa ya kifafa haikatwi ghafula kwa kuwa mtu ameonekana mzima juma mbili.

Ama swala yake. Tazama akili, usitazame viungo. Ikiwa haelewi asemwalo, wala hapambanui wakati na wakati, basi swala haimlazimu, wala hatailipa akipata nafuu. Siku zile alizozimia hospitali pia hazilipwi swala zake katika madhehebu yetu. Lakini kama Ramadhani ilimpitia hali amezimia, saumu atailipa akiweza, kwani aliyezimia na mwenye wazimu wametofautiana katika saumu. Ikiwa akili yake huja na kwenda, basi hulazimika kwa wakati ule ilipokuja. Na ikiwa anayo akili ila ni pungufu, mfano wa mtoto mwenye kupambanua, swala yake yasihi akiswali, na ni vizuri aswalishwe, ijapokuwa haikumlazimu.

Ama ikiwa akili ipo, ila mwili umepooza au ulimi umefungika, huyu asiachiwe swala kwa huruma isiyo na elimu. Aswali kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Asipoweza, kwa chali. Na aashirie kwa kichwa, au kwa macho, au apitishe swala moyoni mwake. Akiwa na mpira wa mkojo, au mkojo haumwishi, hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu: asafishwe, atawadhishwe baada ya kuingia wakati, aswali pasi na kukawia, kwa kila faradhi udhu wake. Kusahau peke yake hakuondoi swala. Aliye na akili naye husahau idadi ya rakaa, dawa yake ni kuswali jamaa nyumbani nyuma ya babake, amfuate tu. Na hapana daktari awezaye kumrudishia mtu heshima ya nafsi yake kama kusimama safu moja na babake, ijapokuwa amekaa kitini.

Nimefika sasa kwenye neno ambalo wanaume hatupendi kuambiwa. Katika nyumba nyingi nilizoingia kuzuru, nimeona mwenye kumgeuza kijana ni mama, mwenye kumlisha ni mama, mwenye kumsafisha ni mama, na baba yuko barazani anapokea pole. Mwanamume wa miaka 27 ana tupu, na tupu yake baina ya kitovu na magoti haitazamwi na mama wala na dada ila kwa dharura. Aliye halali kwa jambo hili bila ya kikwazo ni mkewe. Akiwa hayuko, au amechoka, wanaostahiki zaidi ni baba na ndugu wanaume. Nao pia wasitazame ila kwa kadiri ya haja, na mwenye kusafisha avae kitambaa mkononi, kama tufanyavyo katika kuosha maiti. Basi kumwachia mama kazi hii na hali wanaume wamo ndani ya nyumba ni kukosa sheria na kukosa muruwa kwa pamoja. Na uzito! Mama wa miaka hamsini na kitu hawezi kumgeuza mwanamume mzima usiku kucha bila ya kuvunjika mgongo.

Na kazi yenyewe ni hii. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kutazamwa matako, visigino, viuno na mabega. Pakiwa pekundu pasiporudi rangi, ni mwanzo wa kidonda, na kidonda cha kulala kikifika mfupani chaweza kuua. Wenye ngozi nyeusi tutazame zaidi ugumu na joto la mahali pale kuliko wekundu. Alishwe akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Aliyeumia ubongo mara nyingi koo lake halifungi vizuri, na maji matupu humpalia akaingiwa na kichomi. Uji mzito humfaa kuliko chai, na mwenye kukohoa kila anywapo aonyeshwe kwa daktari. Viungo vyake vikunjwe na kunyoshwa taratibu kila siku visije vikakakamaa. Asemeshwe kwa utulivu, jambo moja kwa wakati mmoja, kisha angojewe; jawabu yake huchelewa. Na siku yake iwe na utaratibu, wa kuamka, kuoga, kula na kulala, usiobadilika. Adhana tano ni saa nzuri mno kwa mtu aliyepotewa na nyakati.

Wageni pia. Kumzuru mgonjwa ni sunna, lakini si sunna kuingia watu ishirini chumbani, wakasema wote kwa pamoja, na simu zao zikilia. Ubongo uliojeruhiwa hauvumilii kelele. Watu wakitoka, kijana hupandisha hasira, na wao husema wamemwacha salama. Waingie wawili, wakae kidogo, na walio nje wamfulie mama nguo.

Huenda baba akasema: mimi ni mtu wa msikiti, sipendi kukosa jamaa. Jua ya kuwa wanavyuoni wamehesabu kumuuguza mgonjwa katika nyudhuru za Ijumaa na jamaa: akiwa mgonjwa hana mwingine wa kumwangalia, au akiwa ni jamaa yake wa karibu naye hupata utulivu kwa kuwako kwake. Basi ikiwa mwanao hutulia kwa sauti yako, na ukitoka hujitupa chini, wewe siku ya Ijumaa swali Adhuhuri nyumbani kwako, na usiwe na wasiwasi. Ndugu zake nao washike zamu, ili siku nyingine uende.

Ama mali, hapa ndipo miguu huteleza. Aliyebaleghe hali ana rushdi, kisha akapotewa na akili, walii wa mali yake kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ni yule yule aliyekuwa walii wake utotoni: baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii, kisha kadhi. Lakini walii si mwenye mali. Kijana huyu alipata fedha za bima kwa ajali ile. Fiqhi yetu imeweka juu ya kuondoa akili ya mtu diya kamili, ngamia 100, sawa na diya ya nafsi yake; na mwenye diya hiyo ni yeye aliyepoteza akili, si babake. Basi fedha zile ni zake. Haziwi nyumba ya baba, wala mahari ya mke wa pili wa baba, wala mtaji wa ndugu mkubwa. Na wako wanaoshika hadithi inayomnasibisha mwana na mali yake kwa babake, wakaifanya ruhusa ya kula yote. Na jamhuri ya wanavyuoni hawakuifahamu kuwa ni milki, kwani lau ingekuwa milki, mwana akifa mali yote ingekuwa ya baba, na mkewe na watoto wasingerithi kitu.

Walii tajiri ajizuie. Walii fakiri, akishughulishwa na mali hiyo hata akakosa kuchuma, ale kwa wema, kwa kilicho kidogo baina ya haja yake na ujira wa kazi yake. Shamba au nyumba ya kijana isiuzwe ila kwa haja iliyo wazi, au kwa faida iliyo dhahiri. Na jambo ambalo wengi hulisahau: mali ya asiye na akili ina zaka katika madhehebu yetu, ikifika nisabu na mwaka ukapita, shilingi 25 katika kila 1000 za fedha, na mwenye kuitoa ni walii. Mali ya watu akiiharibu, hulipwa katika mali yake. Yote haya yaandikwe katika daftari, pamoja na risiti za dawa. Pia ijulikane kuwa benki na watu wa bima hawaridhiki na neno la baba tu kwa mwana mtu mzima. Hutaka amri ya mahkama ya serikali. Makadhi wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, huhukumu baina ya Waislamu wanaoridhia katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Basi mzee aende kotekote mapema, kabla ya watu kuanza kugombana.

Mkewe ana haki zake. Nafaqa yake hutoka katika mali ya mumewe kwa mkono wa walii, na isipotolewa huwa deni. Mtoto wao mdogo, babake akiwa hana kitu, nafaqa yake humfikia babu. Talaka ya asiye na akili haipiti, hata akiitamka mara mia kwa hasira, wala baba hawezi kumwachia mke mwanawe. Akitaka kukaa naye kwa subira, thawabu zake hazina kipimo. Asipoweza, wazimu ni katika aibu zinazompa mke hiari ya kufasiki ndoa mbele ya kadhi, ijapokuwa ulizuka baada ya kuoana. Na aende mapema, kwani kunyamaza baada ya kujua huweza kumpotezea hiari hiyo. Wala asitukanwe kwa kutumia haki aliyopewa na sheria. Ana umri mdogo, na wanaomtukana hawamgeuzi mgonjwa usiku.

Mzee alinong'ona jambo moja baada ya watu kutawanyika, nami nalijibu hapa bila ya kumtaja. Usiku mwingine, akichoka, moyo wake humwambia ni afadhali kijana angechukuliwa. Wazo lipitalo moyoni kwa uchovu halina hisabu. Ama kuomba mauti kwa sababu ya dhara, Mtume (s.a.w.) amekataza, na aliye hana budi kuomba, aombe uhai maadamu uhai ni kheri, na mauti yakiwa mauti ndiyo kheri. Dua hiyo mzee aweza kumwombea mwanawe, kisha alale, na kaka yake ashike zamu. Uchovu wa mwenye kuuguza ni maradhi, nao una dawa yake, ambayo ni kupumzishwa.

Limebaki suala ambalo hakuniuliza, nalo ndilo linalomkosesha usingizi zaidi: nikifa mimi, je? Mirathi ya babake na mamake, kijana huyu hurithi fungu lake kamili sawa na ndugu zake wanaume. Wala hapana mwenye kusema kuwa yeye halijui thamani yake, basi apewe nusu. Na baba, maadamu yu hai na akili yake timamu, aweke wasii wa kumsimamia, ikiwa babu mzaa baba hayuko. Babu akiwapo, naye ni mwenye kufaa, usimamizi wa mali ni wake, wala wasii hawekwi juu yake. Mama katika kauli yenye nguvu hana uwalii wa mali kwa nafsi yake, lakini akiwekwa wasii uwasii wake ni sahihi, bali wanavyuoni wamesema akiwa na sifa zinazotakiwa yeye ni bora kuliko wengine. Basi mzee amwandikie mama huyo, amtaje na mmoja wa ndugu wa kumsaidia, ataje dawa na hospitali na hesabu ya fedha, na lile daftari aliweke mahali panapojulikana. Kisha awasomee maneno hayo mashahidi wawili wanaume waadilifu, nao watie mikono yao. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.